Redio Bubu na Mizani ya Chai



Mwaka juzi tawi letu lilinunua kompyuta ya mkono iliyokwisha tumika, maana michango ya wanachama haikutosha kununua mpya. Kijana mmoja fundi, mtoto wa mchuma chai, aliifuta yote akaweka mfumo wa Linux, ambao haulipiwi. Ikawaka vizuri. Lakini siku ya kupeleka makao makuu orodha ya wanachama waliokatwa ada bila kuandikishwa, kompyuta ikakataa kushika mawimbi ya Wi-Fi. Redio yake ilikuwamo ndani, nzima, ila bubu. "Katibu, haina dereva," kijana akaniambia. Tuliiunga na simu yake kwa waya, orodha ikaenda. Jioni ile nikamwuliza: ni nani aliyeinyima mashine yetu huyo dereva? Jibu lake lina somo kwa kila mfanyakazi.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Ndani ya kompyuta na ndani ya simu mna programu kuu iitwayo kerneli, yaani kiini. Kazi yake ni kama ya msimamizi wa zamu kiwandani: hugawa kazi, hugawa nafasi, huamuru kila kifaa kifanye kazi kwa wakati wake. Lakini msimamizi hajui lugha ya kila kifaa. Huhitaji mkalimani, na huyo ndiye mafundi wanamwita dereva. Redio ya Wi-Fi ni chipu ndogo inayogeuza maandishi kuwa mawimbi. Pasipo dereva, kerneli haijui hata namna ya kuiamsha.

Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Mwaka 1992 aliiweka chini ya leseni iitwayo GPL. Leseni hiyo ni mkataba: kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuisoma na kuibadilisha, lakini akiwapa au akiwauzia wengine, lazima awape pia maandishi yake ya ndani, kwa masharti yale yale.

Kanuni za Wi-Fi zilitolewa mwaka 1997, na biashara ya chipu ikapamba moto. Lakini chipu nyingi ziliuzwa na dereva wa Windows tu. Kampuni ya Broadcom ya Marekani, ambayo chipu zake zilikuwa ndani ya kompyuta nyingi, haikuwapa mafundi wa Linux maelezo waliyoyahitaji. Mtu amelipia mashine kwa jasho lake, lakini siri ya kuitumia imebaki kwa muuzaji.

Mafundi wa kujitolea hawakukaa kulalamika. Walijigawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilimchunguza dereva wa kampuni hatua kwa hatua, likaandika maelezo ya jinsi chipu inavyofanya kazi. Kundi la pili halikumtazama dereva yule hata kidogo. Lilisoma maelezo ya wenzao tu, likaandika dereva mpya toka mwanzo. Walifanya hivyo ili asitokee mtu wa kusema wamenakili mali ya kampuni. Dereva wao akaingia rasmi katika kerneli toleo 2.6.17, mwezi Juni 2006.

Likabaki tatizo la pili. Kutafuta kituo cha mawimbi na kujitambulisha kwake ni kazi zinazofanana kwa chipu nyingi, lakini zilikuwa zikiandikwa upya mara kwa mara, kama kila idara ya kiwanda kujijengea jiko lake. Kampuni ya Devicescape ikatoa kazi yake itumiwe na wote. Ilipokwisha kurekebishwa ikaingia katika toleo 2.6.22, Julai 2007, kwa jina la mac80211, ikawa jiko moja la madereva wengi. Septemba 2010, Broadcom yenyewe ikatoa dereva wa wazi kwa baadhi ya chipu zake mpya.

Je, ule mkataba ulikuwa na meno? Mwaka 2003 iligundulika kuwa kisambaza mawimbi cha Linksys, aina ya WRT54G, kinaendeshwa na Linux. Watu wakadai haki yao, na maandishi yakatolewa. Kutokana nayo ukazaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004. Cisco, iliyokuwa imeinunua Linksys, ilishtakiwa Desemba 2008 na Free Software Foundation kwa kutotimiza masharti. Mei 2009 wakapatana, na Cisco ikakubali kumteua mtu wa kulisimamia jambo hilo.

Tusidanganyane, ndugu zangu. Chipu nyingi bado zinahitaji programu ya ndani iliyofungwa na kiwanda. Tena wengi wanaoandika Linux leo ni waajiriwa wa makampuni makubwa, yanayoitaka kwa faida yao. Simu za Android zilizo mifukoni mwetu zina kerneli hiyo hiyo, na mshahara wetu haukupanda kwa ajili hiyo.

Basi kwa nini nawaandikia? Kwa sababu ya mizani. Katika baadhi ya mashamba ya chai, majani sasa yanapimwa kwa mizani ya umeme, na kilo zinaingia moja kwa moja katika kompyuta ya ofisi. Mchumaji anaiona namba, haioni hesabu iliyoizaa. Mizani ya zamani tuliijaribu kwa jiwe la kilo, tukajua ikidanganya. Hii mpya ni kama ile redio bubu: siri yake iko kwa mwingine, nayo ndiyo inayopima chakula cha watoto wetu.

Mapatano yajayo yaandikwe masharti matatu. Mizani ijaribiwe kwa mawe ya kilo mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi kabla ya kazi kuanza. Mchumaji apewe karatasi ya kila mzigo. Tawi lipewe kumbukumbu za kilo kila mwisho wa mwezi.

Na kila tawi lichague kijana mmoja anayejua kompyuta, akae meza moja na mchumaji mzoefu, mmoja asome kumbukumbu na mwingine alinganishe na karatasi. Makatibu walete majina yao katika mkutano ujao.