Kwa nini Tarime wasilime ngano?



Anayevuka mpaka pale Sirari na kuelekea mashariki hadi Narok, nchini Kenya, hukuta mashamba makubwa ya ngano. Upande wetu, kuanzia milima ya Tarime hadi Mugumu wilayani Serengeti, hukuta mahindi, mtama, mihogo na ulezi. Hata hivyo chapati huliwa pande zote mbili, na sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania huja kwa meli. Ndiyo maana wapo wanaouliza: kwa nini wakulima wa huko wasilime ngano?

Swali ni zuri, ila jibu lake halimo katika udongo peke yake. Ngano hupenda ubaridi, na ubaridi milima ya Tarime inao. Tatizo ni hesabu. Ngano hulipa pale mkulima anapokuwa na eneo pana, trekta na mashine ya kuvuna. Mashamba ya Basotu wilayani Hanang, yaliyoendeshwa na NAFCO kwa msaada wa Kanada, yalikuwa na vyote hivyo. Lakini Wabarbaig walipoteza malisho yao, na baadaye shirika lenyewe likashindwa kuyaendesha. Je, mwenye ekari mbili ataiweza ngano ya Urusi au Australia?

Tena kuna ugonjwa wa kutu. Mwaka 1998 ilionekana Uganda aina mpya ya kutu ya shina, ikapewa jina la Ug99. Ikaingia Kenya na Ethiopia, ikavuka bahari hadi Yemen. Watafiti wa Njoro, Kenya, hupanda huko mbegu kutoka nchi nyingi ili zijulikane zipi zinastahimili. Mbegu kama hizo zimepatikana, lakini kutu nayo hubadilika, kwa hiyo kazi ya kuzalisha mbegu haina mwisho.

Mimi naona nafaka ya kutazamwa ni ile ambayo mkulima wa Tarime na Serengeti anayo tayari. Ulezi hujichavusha wenyewe, hivyo mkulima huweza kuweka mbegu yake mwenyewe. Mahindi chotara hutaka mbegu mpya ya dukani kila msimu. Ulezi ukikauka vizuri hukaa ghalani miaka bila kubunguliwa. Kasoro yake ni kazi: magugu yake hufanana nao, na huvunwa kwa kisu, suke kwa suke. Hapo ndipo mahindi yaliposhinda.

Na mahindi soko lake la karibu ni Kenya. Mwaka 2017 Serikali yetu ilizuia mahindi kuuzwa nje kwa kuhofia upungufu wa chakula. Machi 2021 Kenya nayo iliyakataa mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, likiwamo la cheti cha kupimwa. Mpaka ukifungwa, mahindi hurundikana na mlanguzi hutaja bei anayoitaka. Mwenye ada ya shule ya kulipa huuza. Mwingine hupita njia za panya usiku, kisha tunamwita mhalifu. Huyo wa Serengeti, jirani wa hifadhi, huenda hata hilo gunia moja amelinusuru kwa kukesha akifukuza tembo.

Sisi wa mjini tunataka unga wa bei nafuu, na tuna haki. Lakini unafuu unaopatikana kwa kumfungia mkulima mlango haudumu. Msimu unaofuata atalima kidogo, na sisi tutanunua ghali. Sumukuvu huzuiwa kwa kukausha mahindi mapema juu ya turubai na kuyaweka mahali pakavu, si kwa amri. Turubai, ghala, kipimo cha unyevu na mpaka unaotabirika vitamfaa mkulima huyo kuliko kuambiwa aige mashamba ya Narok.