Inzi wa matunda: chambo kipi kinastahili fedha?

Tikiti maji, tango au karela likifika Mabibo au Ilala likiwa zima kwa nje, si lazima liwe zima kwa ndani. Mchuuzi huligundua hilo siku ya pili au ya tatu, tunda linapolainika upande mmoja, akalipasua na kukuta funza. Fedha imeshalipwa shambani, na mkulima harudishi.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara amenunua matikiti 1,000 kwa Sh 1,500 kila moja, jumla Sh 1,500,000. Likioza moja katika kila kumi, yale 900 yaliyobaki yamemgharimu Sh 1,667 kila moja, kabla ya usafiri na ushuru. Kama alitegemea faida ya Sh 200 kwa tunda, amebaki na Sh 33.

Mharibifu mkuu ni inzi wa jamii ya matikiti, mwenye asili ya Asia, ambaye yupo Tanzania tangu miaka ya 1930. Jike hutoboa tunda changa na kutaga mayai chini ya ganda. Mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili, na kuanzia hapo dawa inayopuliziwa juu ya tunda haimfikii funza. Akishiba hutoka, hujifukia ardhini sentimita chache, na katika joto la Pwani kizazi kipya huwa tayari baada ya wiki mbili hadi tatu.

Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza chambo. Hata hivyo, chini ya jina hilo huuzwa vitu viwili tofauti, na hapo ndipo wakulima wengi hupoteza fedha.

Kitu cha kwanza ni kivutio cha harufu kinachonasa madume peke yake. Mtego ukijaa inzi, mwenye shamba hufurahi, lakini jike aliyekwisha kupandwa anaendelea kutaga. Kwa shamba dogo, mtego huo ni wa kuhesabia adui zaidi kuliko kummaliza. Isitoshe, kivutio kinachotumika kwenye maembe hakimvuti dume wa matikiti; na inzi mwingine anayeshambulia nyanya chungu na pilipili, aliyetambuliwa nchini mwaka 2006, hafuati kivutio cha maembe wala cha matikiti.

Kitu cha pili ni chambo cha chakula. Jike hawezi kukomaza mayai bila protini, hivyo huitafuta kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kutaga. Chambo hiki hutengenezwa kwa protini, mara nyingi itokanayo na hamira, ikiwemo masalia ya hamira ya viwanda vya bia, na huchanganywa na sumu kidogo kama spinosadi. Huwekwa kwa matone hapa na pale, si kuloweka shamba zima. Dawa inayotumika ni kidogo sana, na nyuki hunusurika zaidi. Bila nyuki tikiti halizai.

Wapi pa kuweka? Huko Hawaii, watafiti walibaini kuwa inzi wa matikiti huingia shambani kutaga tu, kisha hurudi kupumzika kwenye mimea ya pembeni, hasa mahindi. Wakulima wa huko hupanda mistari ya mahindi kuzunguka shamba na kuweka chambo kwenye majani yake. Ni njia rahisi, na mahindi mkulima wetu anayo tayari.

Kazi huanza kabla ya matunda kutunga na kurudiwa kila wiki, na mara baada ya mvua, kwa kuwa maji huosha chambo. Matunda yaliyooza yafungwe kwenye mifuko myeusi juani au yafukiwe kama nusu mita; yakiachwa shambani yatazalisha inzi kuliko chambo kinavyoua. Jirani naye asipoweka, inzi wake watavuka mpaka.

Kwa anayetaka kuuza nje, hesabu ni kubwa zaidi. Kutokana na inzi wa matunda, Kenya ilisitisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na soko hilo halikufunguka hadi 2021.

Anayenunua shambani aulize kabla ya kutoa fedha: chambo kiliwekwa lini mara ya kwanza, na ni cha madume au cha chakula? Aombe kuona chupa, aangalie kama imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA. Kisha azunguke pembeni mwa shamba. Akikuta lundo la matikiti yaliyooza, apunguze bei au aondoke.