Uhusika: Kilatini hubadili mwisho, Kinandi hubadili toni

Wengi wanaoanza kujifunza Kilatini hukwama mahali pamoja: mbona nomino moja ina sura nyingi? Jibu ni uhusika, yaani alama inayoonyesha kazi ya nomino katika sentensi.

Kiswahili hutegemea zaidi mpangilio wa maneno. “Mvulana anamwona msichana” si sawa na “Msichana anamwona mvulana.” Kilatini hakina shida hiyo. *Puer puellam videt* na *puellam puer videt* zote zina maana moja: mvulana anamwona msichana. Ile *-m* ya *puellam* ndiyo inayotuambia huyu ndiye anayeonwa. Angekuwa mtenda, tungesema *puella*. Tukitaka kusema “wa msichana”, ni *puellae*.

Miisho hii imepangwa katika makundi matano ya nomino. Usiyachanganye na ngeli. Ngeli huamua upatanisho. Makundi haya huamua miisho tu. *Agricola*, mkulima, hufuata miisho ya *puella*, ilhali kisarufi ni nomino ya kiume.

Kiswahili nacho hakikukosa alama kabisa. Tunaposema “nyumbani”, ile *-ni* inafanya kazi ya mahali, sawa na Mroma aliposema *domi*.

Lakini mfano mzuri zaidi tunao hapa hapa Cheptiret. Kinandi huanza na kitenzi: *Kere Kibet lakwet*, Kibet anamwona mtoto. Basi tunamjuaje mtenda? Kwa toni. *Lakwet* akiwa mtenda hutamkwa kwa toni tofauti na akiwa mtendwa. Chet Creider na Jane Tapsubei Creider walilieleza jambo hili katika sarufi yao ya Kinandi ya 1989. Kimaasai nacho hufanya vivyo hivyo.

Kuna tofauti moja ya kuvutia. Katika Kilatini, umbo la kamusi ni la mtenda. Katika Kinandi, umbo la msingi ni la mtendwa. Mtenda ndiye anayebadilishiwa toni.

Tatizo ni kwamba maandishi ya kawaida ya Kikalenjin hayaonyeshi toni. Mtoto wa mjini anayejifunza lugha ya nyanya yake kwa kusoma tu hataiona sarufi hii, kisha atasema ati Kilatini kina sarufi na lugha yetu haina. Sarufi ipo, ila iko mdomoni. Tuisikilize na kuirekodi wenyewe wangali wanaizungumza.