Nani Analinda Kompyuta za Bomba la Gesi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Madimba, kwenye kiwanda cha kuchakata gesi kilichozinduliwa na Rais Jakaya Kikwete Oktoba 2015. Gesi hutoka visimani Msimbati, katika ukanda wa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, husafishwa Madimba, kisha huingia kwenye bomba la inchi 36 hadi Dar es Salaam, ambako mitambo ya Kinyerezi huitumia kufua umeme. Leo tutazame kinachoiamuru gesi hiyo ipite au isimame.

Sisi watu wa Mtwara tunaujua ulinzi wa bunduki. Tangu wapiganaji walipovuka Ruvuma kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, na kuvamia kijiji cha Kitaya, Oktoba 2020, hakuna anayeuliza kwa nini askari wamejaa mpakani. Lakini bomba la urefu wa zaidi ya kilomita 500 haliongozwi na mtu anayezungusha valvu porini. Vipimo husoma mgandamizo na joto, hupeleka taarifa kwenye chumba cha kuongozea mitambo, na amri ya kufungua au kufunga hurudi kwa njia ya kompyuta. Ndivyo mabomba makubwa yanavyoendeshwa siku hizi, popote duniani. Atakayezishika kompyuta hizo hahitaji kuvuka mto.

Ukraine walilijua hilo tarehe 23 Desemba 2015. Watumishi wa zamu katika kampuni za kusambaza umeme walishuhudia mshale ukitembea wenyewe kwenye kioo cha kompyuta, ukizima kituo kimoja baada ya kingine. Wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Uchunguzi ulionyesha kwamba wadukuzi waliingia miezi mingi kabla, kwa barua pepe zilizobeba nyaraka zenye programu hasidi. Mtu alifungua waraka, basi. Wakakaa ndani kimya, wakaiba nywila, wakasoma mfumo mpaka wakaujua kama wenyewe. Siku ya tukio walifuta kumbukumbu za kompyuta na kuzisonga simu za huduma kwa wateja, ili mwenye malalamiko asisikike. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu moja: mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni na kurudisha swichi kwa mkono.

Jambo hilo la mkono linanishughulisha sana. Kila mfumo mpya unapozinduliwa nchini, hotuba husifu kwamba kazi ya mkono imekwisha. Fundi mzee anayeweza kuendesha kituo bila kompyuta anastaafu, na maarifa yake anaondoka nayo. Kwangu mimi fundi huyo ni sehemu ya ulinzi wa mtandao sawa na programu yoyote ya kununua, na ningependa kusikia kwamba mazoezi ya kuendesha mitambo kwa mkono yanafanyika kila mwaka, gesi ikiwa inapita kweli.

Marekani nayo ilipata somo jingine Mei 2021. Wadukuzi waliingia katika kampuni ya bomba la mafuta la Colonial kupitia akaunti ya kuingilia kutoka mbali ambayo ilikuwa haitumiki tena lakini haikufungwa, na ambayo nywila peke yake ilitosha kuifungua. Hawakugusa valvu hata moja. Walizifunga kompyuta za ofisini, na kampuni yenyewe ikalizima bomba kwa hofu kwamba ugonjwa ungesambaa. Ikalipa kikombozi cha bitcoin 75, kama dola milioni 4.4 wakati huo. Tujiulize basi: mkandarasi akimaliza kazi, au mtumishi akihamishwa, akaunti yake hufungwa siku ileile? Kompyuta ya kuandikia barua na ile ya kuongozea mitambo zimetenganishwa?

Sisemi kwamba Madimba ina mapengo hayo. Nasema mwananchi hana njia ya kujua, wala sheria haimsaidii sana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inampa Waziri uwezo wa kutangaza mifumo ya kompyuta kuwa miundombinu muhimu, lakini uwezo si wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka uvunjaji wa usalama uripotiwe kwa Tume inayosimamia sheria hiyo. Hiyo ni kwa taarifa za watu. Valvu haina jina wala namba ya NIDA.

Tena tuna tabia inayofundisha watu kuficha. Mei 2021 mfumo wa LUKU uliposhindwa kwa siku kadhaa na watu wakakosa kununua umeme, Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, aliagiza wakuu wa TEHAMA wa TANESCO wasimamishwe kazi. Hasira ya wananchi ilikuwa halali. Lakini mtaalamu anayejua kwamba kusema kutamfukuzisha atanyamaza akiona jambo la ajabu kwenye mfumo wake saa nane za usiku, na mdukuzi kama wale walioivamia Ukraine anaweza kuishi miezi ndani ya ukimya wa namna hiyo. Marubani wana utaratibu wa kuripoti kasoro bila kuadhibiwa kwa kule kuripoti. TPDC, shirika la petroli la taifa, na TANESCO wanaweza kuuanzisha bila kusubiri sheria mpya.

Wiki ijayo tutakwenda kwenye minada ya korosho, ambayo sasa huendeshwa kwa mtandao, na swali la nani anaweza kuona bei ya mnunuzi kabla ya mnada kufungwa.

Itaendelea.