Mbwa mnusa upepo
Mwanafunzi wangu kawaita mbwa wanaotafuta waliopotea 'wafuata nyayo'. Nilimkatiza. Wapo wafuatao nyayo, ndiyo. Ila kule Scotland, ambako Hamish MacInnes alianzisha chama cha wenye mbwa wanaojitolea kuokoa watu milimani mwaka 1965, mbwa hao hasa hunusa upepo. Hahitaji kunusishwa shati la mtu. Hupelekwa upande upepo unakoelekea. Akinasa harufu ya binadamu, yeyote yule, huiandama hadi chanzo, kisha humrudia mwenyewe akibweka. Sasa, jengo likiporomoka, nasi tukajazana juu ya kifusi (tunavyopenda!), harufu zetu humvuruga. Ukimwita mfuata nyayo, nani ataona haja ya kusogea? Mimi napendekeza 'mbwa mnusa upepo'.