Kompyuta mbili, kazi moja: Msaada kwa asiyeona

Macho yanapodhoofika, wengi hudhani kazi ya maandishi imekwisha. Sivyo. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Glakoma ni balaa la namna nyingine, kwani mara nyingi huja bila maumivu, na uwezo wa kuona uliopotea haurudi. Matone ya dawa husaidia kulinda ule uliobaki. Kwa hivyo, msomaji, ikiwa umepita miaka 40 au kuna mtu wa ukoo wenu aliyepofuka kwa glakoma, nenda kliniki ya macho upimwe. Lakini leo tunazungumza na yule ambaye tayari haoni, au aliye na jamaa asiyeona, na ambaye riziki yake imo ndani ya kompyuta.

Kompyuta siku hizi husema. Programu ya kusoma skrini hutamka maandishi kwa sauti, naye mtumiaji huamrisha kwa vitufe bila kugusa kipanya. Windows huja na Narrator, ambayo huwashwa kwa kubonyeza pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na Enter. NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure, na sauti yake ya eSpeak husoma hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya kuchekesha kidogo. JAWS ni ya kununua, na bei yake si ya mchezo.

Taabu huanza mtu akiwa na kompyuta mbili. Chukua mfano wa mwalimu asiyeona anayefundisha Nyamira na kulala huko siku za kazi, kisha Ijumaa jioni akapanda matatu kwenda kwake Kisii mjini. Alama za wanafunzi alizoandika Alhamisi ziko Nyamira. Barua ya kliniki na orodha ya dawa zake ziko Kisii. Katikati kuna flashi mfukoni. Siku moja ananakili faili ya zamani juu ya mpya, na kazi ya wiki nzima inapotea. Anayeona angetupia jicho tarehe na kusita. Asiyeona hana budi kuiuliza kompyuta, na si kila programu hujibu.

Hiyo ndiyo shida yenyewe. Programu nyingi za kulandanisha faili, yaani kuhakikisha kompyuta zote mbili zina nakala ile ile mpya, huonyesha habari kwa rangi na picha: alama ya kijani ikiwa tayari, mishale ya mviringo ikiwa bado. Picha isiyo na jina haisomwi kwa sauti. Nyingine humtaka mtu aburute faili kwa kipanya. Kabla ya kuchagua, basi, uliza swali moja tu: je, programu hii itaniambia kwa maneno kwamba imemaliza?

Kwa mwalimu wetu, OneDrive ingefaa, kwa kuwa huweka nakala ya tatu kwenye mtandao, na kompyuta ya Nyamira inaweza kuzimwa wikendi yote. Nafasi ya GB 5 ni bure, nayo yatosha kwa barua na alama. Panga folda yako kwa mtindo wa orodha yenye maelezo, nayo safu ya hali itasomwa kwa sauti. Jihadhari na jambo moja: huenda ukasikia jina la faili ilhali faili yenyewe bado iko mtandaoni, na bando likiisha haifunguki. Chagua faili za kazi zibaki kwenye kompyuta daima.

Mwenye kompyuta mbili katika nyumba moja anafaa zaidi Syncthing. Hii ni bure, na hupeleka faili moja kwa moja kutoka mashine hadi mashine bila kuziweka kwa mtu wa tatu. Zikiwa kwenye Wi-Fi moja, haitumii bando kuhamisha faili. Ukurasa wake hufunguliwa kwa kivinjari, hivyo unausoma jinsi unavyosoma ukurasa mwingine wa mtandao. Mashine hutambuana kwa msururu mrefu wa herufi na tarakimu. Wanaoona huelekeza kamera kwenye mraba wa alama. Wewe nakili maandishi hayo ujitumie. Faili ikibadilishwa pande mbili kwa wakati mmoja, hubakisha nakala zote mbili, moja ikiwa na neno «sync-conflict» katika jina lake. Sikiliza neno hilo. Ila mashine zote mbili ni lazima ziwe zimewashwa pamoja.

Asiye na mtandao kabisa abaki na flashi, lakini aache kunakili kwa kubahatisha. Fungua dirisha la amri la Windows uandike robocopy C:\Kazi E:\Kazi /E /XO, ukibadilisha majina yafanane na ya folda zako. Amri hii haitaandika faili ya zamani juu ya mpya, wala haifuti kitu, na mwishoni husoma hesabu ya zilizonakiliwa na zilizoshindikana. Usikubali mtu akuandikie /MIR bila kukueleza: hiyo hufuta upande wa pili kila kisichokuwa upande wa kwanza.

Wakazi wa Gusii wana sababu nyingine ya kuwa na nakala katika nyumba ya pili. Mvua za alasiri huku huja na radi, na radi ikipita kwenye waya wa stima huunguza kompyuta pamoja na flashi iliyochomekwa. Ngurumo ikisikika, chomoa.

Barua za hospitali nazo usiziache kwenye kompyuta ya saiba, hata kama kijana wa pale ni mwema. Ukitaka msaidizi wa kukuwekea programu hizi, mwambie aache kipanya mezani na akutajie kila kitufe. Kisha andika faili fupi iitwayo jaribio, nenda kwenye kompyuta ya pili, na usikilize kama imefika kabla hajaondoka.