Kamera Zinazoingia kwa Mlango wa Uani

Nyumba zetu za visiwani zina milango miwili. Mlango wa mbele ni wa mgeni na wa salamu. Mlango wa uani ni wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Yote miwili ni milango ya halali, na apitaye uani si mwizi. Lakini likizuka la kuzuka, aliyepita mbele ana mashahidi wake barazani, na aliyepita uani hana wa kumtolea ushahidi.

Tumeanza kwa mfano huo kwa sababu ya kijana mmoja aliyefika ofisini kwetu hivi karibuni. Kijana huyo ni mpiga picha za harusi hapa Mjini. Alicheza upatu mwaka mzima, na zamu yake ilipofika akampelekea fedha jamaa yake aliyeko Dubai amnunulie kamera. Kamera ikaja mpya ndani ya sanduku lake, kwa bei iliyopungua robo nzima kuliko ile ya wakala aliyeko Dar es Salaam. Mwezi wa tano ikakataa kufanya kazi, siku tatu kabla ya harusi ambayo alikwisha kuipokelea arbuni. Akavuka bahari kwa boti ya asubuhi. Wakala akaitazama namba iliyoandikwa chini ya kamera, kisha akamrejeshea mwenyewe: kamera ni ya kweli, akamwambia, lakini haikuuzwa kwa ajili ya nchi hii, na dhamana yake haifiki huku. Akarudi na boti ya jioni, akairejesha arbuni ya watu.

“Mzee,” alituuliza, “mimi nimenunua kamera au nimenunua sanduku?”

Swali hilo linastahili jibu, wala si la kijana mmoja tu. Katika visiwa vyetu, ambavyo harusi haziishi na wageni huteremka kila siku uwanjani na bandarini, kamera imekuwa jembe. Wapo vijana wengi wanaolisha wazee wao kwa chombo hicho.

Kwanza hatuna budi kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuna bidhaa bandia, nayo ni uongo mtupu uliobandikwa jina la mwingine. Kuna bidhaa ya magendo, nayo ni ile iliyoukwepa ushuru wa forodha. Na kuna hii ya mlango wa uani: imetoka katika kiwanda kile kile, pengine imelipiwa ushuru wake wote, ila haikupitia kwa wakala aliyeteuliwa na mwenye kiwanda. Kumwita mnunuzi wa bidhaa ya namna hii mhalifu ni kumdhulumu.

Bei yake hupungua kwa sababu zinazoeleweka. Wenye viwanda wameigawa dunia mafungu, na kila fungu lina wakala wake na bei yake. Wakala hulipa matangazo, mafundi na ghala la vipuri, na gharama hizo zote huzitia katika bei. Thamani ya fedha nayo hupanda huku na kushuka kule. Mfanyabiashara mwerevu hununua penye urahisi na kuuza penye ughali, hana fundi wala ghala. Kwa hiyo unafuu anaoupata mnunuzi, kwa sehemu kubwa, ni thamani ya vitu ambavyo hakupewa.

Hata mahakama za mataifa makubwa hazikuafikiana juu ya jambo hili. Mwaka 1998, katika shauri la fremu za miwani za kampuni ya Silhouette ya Austria, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mwenye alama ya biashara anaweza kuzuia bidhaa zake mwenyewe, zilizouzwa nje ya Ulaya, zisirejeshwe kuuzwa humo bila ya idhini yake. Mwaka 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikwenda njia nyingine. Ilimpa haki Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand, aliyekuwa akiuza Marekani vitabu vya masomo vilivyonunuliwa kwa bei nafuu kwao. Hata hivyo, uhalali wa kuuza haumlazimishi mwenye kiwanda kutengeneza. Kampuni ya Nikon huko huko Marekani imetangaza kwamba kamera zilizoingia nje ya njia yake haitazitengeneza, hata kwa malipo.

Wapo watakaosema dawa ni kuufunga mlango wa uani. Sisi hatuungi mkono rai hiyo. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya uhaba, ambapo sabuni na nguo vilitafutwa kwa foleni. Wanakumbuka pia faraja iliyokuja tangu mwaka 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar na biashara ikafunguliwa, na wenye fedha zao wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Koo zetu nyingi zina mtu Dubai au Maskati. Kumkataza ndugu asimletee nduguye chombo cha kazi ni kupigana na maji ya bahari.

Lakini bahari hiyo hiyo inatuletea hoja nyingine. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Lenzi iliyofungiwa mkobani msimu wa masika huota kuvu ndani ya kioo, na mchanga wa pwani huingia kila penye upenyo. Madhara ya namna hiyo, kwa kawaida, hayamo hata katika dhamana ya wakala. Hati husema wazi kwamba kasoro ya kiwanda ndiyo inayofidiwa. Ni dhahiri basi kwamba mpiga picha wa visiwani anahitaji fundi aliye karibu kuliko anavyohitaji karatasi yenye mhuri.

Na hapa ndipo tunapowageukia mawakala. Mwenzake kijana yule alinunua kwa wakala, kwa bei kamili. Kamera yake nayo iliharibika, ikakaa miezi miwili ikingojea kipuri kutoka ng’ambo, na kila alipotaka habari ilimbidi avuke bahari kwa nauli yake. Huyu alipewa dhamana ya maandishi, lakini msimu ulimpita mikono mitupu kama mwenzake. Wakala anayetaka bei ya mlango wa mbele na aweke mtu mlangoni. Na awe na kituo Unguja na Pemba cha kupokea vyombo vibovu, na ampe mteja chombo cha kuazima wakati wa kungoja. Asipofanya hivyo, asiwalaumu watu wakienda uani.

Sisi tuliosoma vyuoni kabla ya kuingia skuli tulifundishwa mapema kwamba muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake na akainyamazia amekula haramu, na kwamba mnunuzi ana khiyari ya kuirudisha. Kunyamaza juu ya dhamana ni aibu ya namna hiyo hiyo. Makosa hayamo katika kuuza kamera iliyotoka Dubai. Yamo katika kuiuza kwa maneno ya “ina garantii” huku muuzaji akijua kwamba garantii hiyo inakomea Dubai.

Kwa mintarafu hiyo, tunawashauri wanunuzi waulize kabla ya kutoa fedha: dhamana hii ni ya nani, ya muda gani, na chombo kitapokewa wapi kikiharibika? Waoanishe namba ya kamera na ya sanduku. Waiwashe, waangalie lugha yake, maana zipo kamera zilizotengenezwa kwa soko la Japani zisizosema ila Kijapani. Waikague betri na chaja, kwani sanduku likishafunguliwa njiani vitu hivyo huweza kubadilishwa kwa vya bandia. Na wasikubali kuondoka bila ya risiti yenye namba ya kamera.

Kwa Serikali tunalo ombi moja, tena dogo. Kila muuzaji wa vyombo hivi, awe wakala au asiwe, alazimishwe kuandika juu ya risiti nani anayedhamini na wapi. Hapana haja ya kumfungia mtu duka. Asiye na dhamana na aandike “hakuna dhamana”, auze kwa bei yake, na mnunuzi achague kwa macho mawili. Wakaguzi wa biashara wapite madukani kuhakikisha hivyo, na forodha ihakikishe kwamba mlango wa uani nao unalipa ushuru, ili anayefuata sheria asipigwe bei na anayeikwepa.

Na kwa kijana wetu, jibu letu ni hili: umenunua kamera, tena ya kweli. Ambacho hukununua ni mtu wa kumwendea siku ya shida. Laiti ungeambiwa hivyo siku ya kwanza, pengine ungeinunua vivyo hivyo, lakini ile robo uliyoiokoa ungeiweka kando kwa ajili ya fundi, na bibi harusi wa watu angepata picha zake.